Kanzidata ya Access na matawi ya mbali: njia nne za kuipeleka mtandaoni, na kila moja inamfaa nani

Ofisi nyingi za kwetu zinaendeshwa na faili moja la Access, programu ya Microsoft ya kutunza kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa kwenye majedwali. Mara nyingi alilitengeneza mhasibu ambaye ameshahama. Kwenye chama cha akiba na mikopo limebeba wanachama, hisa na marejesho. Kwenye zahanati limebeba wagonjwa. Kwenye duka la jumla limebeba stoo yote. Linafanya kazi vizuri kwa miaka, mpaka siku ofisi inafungua tawi.

Chama kimoja nilichokihudumia kina makao yake Morogoro mjini. Kilipofungua tawi Ifakara, karani wa huko alikuwa akipiga picha risiti na kuzituma kwa WhatsApp, halafu jioni mwenzake wa Morogoro anaziingiza moja moja. Walipochoka, wakaliweka faili kwenye folda inayojisawazisha mtandaoni, kila ofisi ikawa inafungua nakala yake. Wiki ya tatu nikaitwa. Ndani ya folda nilikuta mafaili matatu yenye jina lile lile, mawili yakiwa yameongezewa mkiani kwamba ni nakala zinazogongana. Mzee mmoja mkulima wa mpunga alikuwa amelipa rejesho la shilingi 150,000 Ifakara, na kwenye faili la Morogoro deni lake lilikuwa halijapungua hata senti moja.

"Mwanangu," aliniambia yule mama karani kwenye simu, "huyu mzee risiti nimemwandikia kwa mkono wangu."

Alikuwa anasema kweli. Tulikaa siku tatu na vitabu vya risiti, tukilinganisha mstari kwa mstari, mpaka kila mwanachama akarudishiwa haki yake. Ulinganisho huu nauandika ili ofisi nyingine isifike huko.

Kwa nini faili halipandishwi tu mtandaoni

Access haina seva. Programu iliyo kwenye kompyuta ya karani ndiyo inayolifungua faili, inazisoma kurasa zake, inatafuta, inahesabu, kisha inaandika humo humo. Faili likiwa chumba cha pili na kompyuta zimeunganishwa kwa waya, mambo yanakwenda. Likiwa mji mwingine kupitia VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti), vipande vyote hivyo vinapaswa kusafiri, na mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki limeandikwa nusu. Ndivyo linavyoharibika.

Folda za OneDrive, Dropbox na Google Drive zina hatari kubwa zaidi. Access hutumia kifaili cha .laccdb kuwazuia watu wawili wasiandike rekodi moja kwa wakati mmoja. Kufuli ya nakala yako haimzuii mwenzako aliyefungua nakala yake mji mwingine. Folda yenyewe inanakili faili zima zima, na mkihifadhi wote wawili, ama anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake, au zinabaki nakala zinazogongana kama zile za Morogoro. Kwa hiyo VPN juu ya faili la Access lenyewe na folda ya kujisawazisha siziingizi kwenye ulinganisho. Kwa watu wanaoandika kwa pamoja, si chaguo.

Kabla ya njia yoyote kati ya zinazofuata, ligawe faili mara mbili: moja libaki na majedwali, jingine libaki na fomu, ripoti na msimbo wa VBA (maagizo ya programu yaliyoandikwa ndani ya Access). Access yenyewe ina kitufe cha kufanya hivyo. Kila mtumiaji apewe nakala yake ya lile la fomu. Kazi hii ni ya asubuhi moja.

Vigezo

Watu huniuliza njia ipi ni ya kisasa zaidi. Mimi huwauliza: kwenye waya kati ya tawi na makao makuu, kinasafiri nini? Faili zima, rekodi, picha ya skrini, au ukurasa wa wavuti? Jibu la hapo ndilo linaloamua mengi. Njia zote nne nitazipima kwa mambo matano: kinachosafiri na kinachotokea mtandao ukiyumba, kazi ya kuhamisha, fedha, nani ataibeba kila siku, na usalama wa taarifa za watu.

Njia ya kwanza: acha kanzidata ilipo, watu waifuate

Hapa unaweka kompyuta moja yenye nguvu, yenye Windows Server na huduma ya kompyuta ya mbali. Karani wa Ifakara anaingia kutoka kwake, anaona skrini, anafungua fomu ile ile aliyoizoea. Access na majedwali yote vipo kwenye mashine moja.

*Kinachosafiri.* Picha ya skrini na mibofyo ya kibodi tu. Faili halitoki hata hatua moja. Mtandao wa kawaida wa simu unatosha kwa fomu za kujaza, ingawa ukiwa mzito herufi zinachelewa kuonekana na karani anachoka haraka. Uzuri mkubwa uko kwenye kukatika: bando likiisha katikati ya rejesho, kikao kinaendelea kuishi kwenye seva. Karani akiunganisha tena anaikuta fomu kama alivyoiacha, kishale kikiwa kwenye kisanduku kile kile. Kwa matawi yenye mtandao wa kubahatisha, sijaona kinachoshinda hilo.

*Kazi ya kuhamisha.* Ndogo kuliko zote. Siku chache, na hakuna mstari wa VBA unaobadilishwa. Kinachosumbua ni printa: risiti inatakiwa itoke Ifakara wakati programu iko Morogoro, na printa ndogo za risiti zina ukaidi wake. Lijaribu hilo kabla hujamwahidi meneja chochote.

*Fedha.* Leseni ya Windows Server, na juu yake leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa cha kuingia kwa mbali. Wengi hujaribu kukwepa kwa kutumia kompyuta ya kawaida ya Windows 11 Pro, lakini hiyo inaruhusu mtu mmoja kwa wakati: wa pili akiingia, wa kwanza anatolewa. Upande wa Access unapumua kidogo, kwa sababu toleo la kuendeshea tu, Access Runtime, ni la bure.

*Nani anaibeba.* Fundi mmoja anayeijua Windows. Lakini seva ikiwa ofisini na umeme ukikatika ofisini, matawi yote yanasimama. UPS na jenereta ni sehemu ya bei. La sivyo, kodi seva kwa mtoa huduma mwenye umeme wa uhakika.

*Usalama.* Taarifa zinakaa mahali pamoja, na hilo ni jema. Ila usiuache mlango wa 3389, ambao huduma ya kompyuta ya mbali huutumia, wazi kwa dunia nzima. Wezi wa mtandaoni wanaupitia huo kila siku wakijaribu manenosiri, na wakiingia wanayafunga mafaili yote wadai fidia. Weka VPN mbele yake, na uthibitisho wa hatua mbili.

Inamfaa mwenye programu iliyokomaa, watumiaji wachache, wote kwenye kompyuta. Haimfai mwenye maafisa wanaozunguka vijijini na simu. Fomu za Access kwenye skrini ya simu ni mateso.

Njia ya pili: fomu zibaki Access, majedwali yaende kwenye seva ya kanzidata

Unayahamishia majedwali kwenye programu ya seva ya kanzidata, kama SQL Server, MySQL, MariaDB au PostgreSQL, kisha fomu zako za Access zinaunganishwa huko kwa ODBC, kiunganishi kati ya programu na kanzidata. Kwa macho ya karani hakuna kilichobadilika. Hii ndiyo njia ambayo nimeifanya mara nyingi, na ndiyo inayodharauliwa ugumu wake, kwa hiyo nitaikalia.

*Kinachosafiri.* Rekodi, ikiwa umeitengeneza vizuri. Ukiihamisha bila kuigusa, zitasafiri rekodi nyingi kuliko unavyodhani. Chukua mfano: safari moja ya kwenda na kurudi kati ya tawi na seva iliyoko Ulaya ichukue milisekunde 150. Fomu inayohitaji safari 200 kufunguka itakula sekunde 30, wakati kwenye waya wa ofisini ilikuwa inafunguka papo hapo. Dawa ni kuifanya fomu ianze tupu, karani aandike namba ya mwanachama, na seva ilete mwanachama huyo mmoja tu. Orodha ndefu za kushuka zipunguzwe, na DLookup (maagizo ya kutafuta thamani moja jedwalini) zilizotawanywa kwenye kila mstari ziondolewe. Mtandao ukikatika hapa, rekodi ama imeingia yote au haikuingia kabisa, kanzidata haiharibiki. Lakini Access yenyewe haipokei vizuri kukatika kwa ODBC, na mara nyingi karani lazima aifunge na kuifungua upya.

*Kazi ya kuhamisha.* Microsoft wanatoa bure programu ya SQL Server Migration Assistant, na majedwali yanahama kwa saa chache. Wiki zinaliwa na yanayofuata. Nitataja manne yanayorudi kila mara.

La kwanza, tarehe. Access inakubali mwaka wowote kuanzia 100, kwa hiyo karani aliyeandika 0198 akimaanisha 1980 hakukatazwa. Aina ya datetime ya SQL Server inaanzia 1753, na itaikataa rekodi hiyo. Aina mpya ya datetime2 inaipokea, ila ukiunganisha kwa kiendeshi cha ODBC cha zamani, tarehe zote zinaonekana Access kama maandishi tu. Tumia kiendeshi cha 17 au 18, na uzisafishe tarehe kabla ya kuhama.

La pili, visanduku vya ndiyo au hapana. Kikiwa kitupu huko SQL Server, Access inakuambia rekodi imebadilishwa na mtu mwingine, hata ukiwa peke yako usiku ofisini. Kipe kila kisanduku thamani ya kuanzia 0, usiruhusu utupu, na ongeza kwenye jedwali safu ya rowversion, alama inayobadilika kila rekodi inapobadilishwa. Kumbuka pia kwamba "ndiyo" ya Access ni -1 na ya SQL Server ni 1, kwa hiyo ripoti inayotafuta -1 moja kwa moja huko kwenye seva itarudi tupu.

La tatu, namba zinazojiongeza. Kwenye Access namba ya risiti inaonekana ukianza tu kuandika. Kwenye SQL Server inapatikana baada ya kuhifadhi. Msimbo unaochapisha risiti kabla ya kuhifadhi utatoa risiti isiyo na namba.

La nne, jedwali lisilo na ufunguo mkuu (safu inayoitambulisha kila rekodi peke yake) linafunguka lakini haliandikiki. Yatafute yote mapema.

*Fedha.* SQL Server Express ni bure. Toleo lake la 2022 linaruhusu GB 10 kwa kila kanzidata, wakati faili la Access linaishia GB 2. MySQL, MariaDB na PostgreSQL ni bure pia. Gharama iko kwenye saa za fundi, na kwenye seva ya kukodi ambayo kwa kawaida hulipiwa kwa dola na kadi kila mwezi. Hakikisha mhasibu ameliafiki hilo, maana kadi ikigoma tarehe ya malipo, huduma inaweza kufungwa.

*Nani anaibeba.* Mtu anayejua kidogo SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, na anayekumbuka nakala rudufu. Toleo la Express halina ratiba yake ya ndani ya kuzitengeneza, kwa hiyo utatumia ratiba ya Windows. Kila kompyuta ya tawi lazima iwe Windows yenye Access au Runtime, na ukibadilisha fomu moja lazima nakala mpya ifike kila tawi.

*Usalama.* Unapanda daraja. Kila mtu anaingia kwa jina lake, na unaweza kumnyima karani ruhusa ya kufuta. Kwenye faili la .accdb, anayeweza kulifungua anaweza kulinakili kwenye flashi akaondoka nalo. Hapa pia mlango wa seva usiwe wazi. Ruhusu anwani za matawi tu au pitia VPN.

Inamfaa mwenye VBA nyingi asiyotaka kuitupa, watumiaji wanaoongezeka, na fundi wa kudumu. Vilevile ni daraja zuri: majedwali yakishakuwa kwenye seva, siku moja unaweza kujenga kurasa za wavuti juu yake bila kuyahamisha tena.

Njia ya tatu: orodha za SharePoint

SharePoint ni huduma ya Microsoft ya kushirikishana mafaili na orodha mtandaoni. Mwenye usajili wa Microsoft 365 unaoijumuisha ameshailipia. Majedwali yanageuzwa kuwa orodha, na Access inaunganishwa nazo.

*Kinachosafiri* ni rekodi, nakala yake ikitunzwa kwenye kompyuta yako. Unaweza kufanya kazi bila mtandao, kisha ukasawazisha ukirudi hewani. *Kazi ya kuhamisha* ni nyepesi kwa majedwali machache. *Fedha* haziongezeki kwa mwenye usajili. *Kuibeba* hakuhitaji fundi wa seva. *Usalama* unafuata akaunti za ofisi, na mtu akiondoka unafunga akaunti yake.

Mipaka yake ni ya kweli, hata hivyo. Orodha ikivuka vipengele 5,000 mwonekano unaanza kugoma usipoweka faharasa. Na SharePoint haina muamala: huwezi kuiambia iandike rejesho na kupunguza deni kwa pamoja, ama vyote viwili viingie au kisiingie hata kimoja. Kwa fedha za watu, siikubali. Kwa orodha ya vifaa, mahudhurio ya semina au wateja 800 wa kampuni ndogo, iko sawa kabisa.

Usichanganye njia hii na zile programu za wavuti za Access ndani ya SharePoint. Microsoft walizifunga Aprili 2018, na waliojenga juu yake walilazimika kuhama.

Njia ya nne: andika upya kama programu ya wavuti

*Kinachosafiri.* Ukurasa. Ukitengenezwa mwepesi, unafunguka kwenye simu ya bei nafuu, na afisa mikopo anaweza kuandika rejesho akiwa chini ya mwembe kwa mwanachama. Mtandao ukiyumba, karani atabonyeza "Hifadhi" mara mbili. Hapo ndipo rejesho moja linaingia mara mbili, kama mtengenezaji hakuweka namba ya risiti kuwa ya kipekee. Mwambie alionyeshe hilo mbele yako: azime data katikati ya kuhifadhi, aiwashe, abonyeze tena.

*Kazi ya kuhamisha.* Data zinahama. Fomu, ripoti na VBA hazihami. Zinaandikwa upya kwa PHP, Python au lugha nyingine. Faili lenye fomu 40 na ripoti 60 lina maamuzi ya miaka yaliyofichwa ndani yake, kama jinsi riba inavyokokotolewa mwanachama akilipa kabla ya tarehe, na mara nyingi anayeyajua yote ni yule karani wa zamani. Hesabu miezi, na panga kipindi cha kuziendesha mbili kwa pamoja mpaka salio zilingane.

Kabla hujajenga, tazama kilichopo. Kwa mikopo midogo kuna Apache Fineract, na kwa zahanati kuna OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Zote mbili msimbo wake ni huru.

*Fedha.* Kubwa mwanzoni, ndogo baadaye. Hakuna leseni ya Windows wala ya Access kwa kila karani, na hata kompyuta iliyochoka inafanya kazi ikiwa na kivinjari.

*Nani anaibeba.* Hapa ndipo ofisi nyingi zinaumia. Kijana aliyeijenga anapata kazi kwingine, nenosiri la seva anaondoka nalo, na jina la kikoa (anwani ya tovuti) limesajiliwa kwa barua pepe yake. Mkataba useme kwamba msimbo, seva na kikoa ni mali ya ofisi, na vikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.

*Usalama.* Ikijengwa vizuri ndiyo yenye udhibiti wa karibu kuliko zote: nani aliona nini, nani alibadilisha nini, saa ngapi. Ikijengwa vibaya, daftari la wanachama liko wazi kwa dunia.

Inamfaa mwenye watumiaji wengi, mwenye watu wa nje wanaotakiwa kuona salio zao, na mwenye fedha za kuilea, si za kuijenga tu.

Seva ikae wapi

Swali hili linagusa njia zote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania na majirani zake wakakaa na intaneti ya kusuasua. Aliyekuwa na seva Ulaya au Afrika Kusini alipata shida ya kuifikia kutoka kila tawi. Mwenye seva ndani ya nchi alikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa safari ya Ifakara hadi Morogoro haihitaji kuvuka bahari. Upande wa pili, vituo vikubwa vya nje vina umeme na walinzi ambao ofisi ndogo haiwezi kuvimudu.

Sheria nayo ina neno. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Yasome kabla ya kukodi seva, hasa kama una taarifa za wagonjwa.

Kulingana na hali yako

Una matawi mawili au matatu, makarani watano, faili linakwenda vizuri na unataka kuanza mwezi huu: anza na kompyuta ya mbali. Ile ofisi ya Morogoro ndiyo iliyoichukua, na mama wa Ifakara alijifunza kuingia kwa asubuhi moja kwa sababu fomu zilikuwa zile zile.

Faili limekaribia GB 2, au watumiaji wamefika kumi na kitu na linaharibika mara kwa mara: hata kama wote wako jengo moja, hamishia majedwali kwenye SQL Server au PostgreSQL. Makarani wa mbali mnaweza kuwaingiza kwa kompyuta ya mbali juu yake. Njia hizi mbili zinapatana vizuri, kwa kuwa fomu zinakaa jirani na seva na ule uzito wa safari 200 unaisha.

Ni orodha tu, hakuna fedha ndani yake, na Microsoft 365 mnayo: SharePoint.

Maafisa wenu wako njiani na simu, au wanachama wanataka kuona salio wenyewe: programu ya wavuti. Kama fedha haijatimia, fanya ya pili kwanza, ujenge ukurasa mmoja wa marejesho juu ya majedwali yale yale, na mengine yafuate.

Hujui mtandao wa tawi ukoje: nenda tawini siku ya gulio, saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi na minara imelemewa. Mkalishe karani kwenye kompyuta yake, muunganishe na seva ya majaribio, aingize marejesho ishirini huku ukishika saa. Fanya hivyo kwa kila njia unayoifikiria kabla hujalipa leseni yoyote.